Kimya Kingi Kina Mshindo: Historia na Ubunifu katika Filamu ya The Ministry of Ungentlemanly Warfare

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa kimya kingi kina mshindo mkuu. Methali hii, ambayo aghalabu hutolewa kumtahadharisha mtu asiwadharau wasiosema, yaweza kuwa muhtasari wa kisa kilichotokea usiku wa tarehe 14 Januari 1942 katika bandari ya Santa Isabel, kisiwani Fernando Po, magharibi mwa bara la Afrika. Usiku huo kikosi kidogo cha makomando wa Uingereza kiliingia bandarini gizani, kikaikata minyororo ya nanga za meli za adui, kikazivuta meli hizo hadi bahari kuu na kutoweka nazo bila kumpoteza hata mtu mmoja. Miaka themanini na miwili baadaye, yaani mwaka 2024, mwelekezi Guy Ritchie alikigeuza kisa hicho kuwa filamu ya mapigano iitwayo The Ministry of Ungentlemanly Warfare, jina ambalo kwa Kiswahili laweza kufasiriwa kuwa "Wizara ya Vita Visivyo vya Kiungwana". Katika filamu hiyo kimya hakisikiki tena. Risasi zinarindima tangu mwanzo hadi mwisho, na maiti za maadui hazina idadi.

Makala haya yananuia kueleza mambo matatu: kwanza, tukio lenyewe lilivyokuwa, pili, namna filamu ilivyolisawiri, na tatu, maana ya mabadiliko yaliyofanywa baina ya tukio na filamu. Haikusudiwi hapa kumshtaki msanii kwa kosa la kubuni, kwa kuwa kubuni ndiyo kazi yake. Swali linaloulizwa ni hili: je, kilichobadilishwa ni pambo tu la masimulizi, au ni kiini chake? Hoja itakayotetewa ni kwamba filamu hii imebadilisha jambo lile lile lililolifanya tukio la Santa Isabel listahili kusimuliwa, na kwamba mtazamaji asiyelijua hilo hubaki na picha ya ushujaa iliyo kinyume na ushujaa uliotendeka.

Usuli wa Tukio

Mnamo Julai 1940, baada ya Ufaransa kuanguka mikononi mwa Ujerumani, serikali ya Uingereza iliunda idara ya siri iliyojulikana kama Special Operations Executive, au SOE kwa ufupi. Kazi ya idara hiyo ilikuwa kuendesha ujasusi na hujuma nyuma ya safu za adui, na kuwaunga mkono wenyeji wa nchi zilizotekwa waliotaka kupinga utawala wa Wanazi. Mbinu zake hazikufuata adabu za vita zilizozoeleka, na ndiyo maana ikapachikwa lile jina la utani ambalo baadaye lilikuja kuwa anwani ya filamu.

Miongoni mwa vikosi vilivyotumiwa na idara hiyo ni kile kilichoongozwa na Gustavus March-Phillipps, afisa wa jeshi ambaye kabla ya vita alikuwa ameandika riwaya. Pamoja naye walikuwapo Geoffrey Appleyard, Graham Hayes na kijana wa Kidenishi aliyeitwa Anders Lassen. Chombo chao kilikuwa Maid Honor, mashua ya matanga ya wavuvi iliyoundwa kwa mbao. Mnamo Agosti 1941 chombo hicho kiling'oa nanga kutoka Poole, kusini mwa Uingereza, na kufika Freetown, Sierra Leone, mwezi wa Septemba. Kazi yao ya awali ilikuwa kuchunguza mito na hori za pwani ya Afrika Magharibi ili kujua iwapo nyambizi za Ujerumani zilikuwa na maficho huko. Hawakuyaona. Walichokipata badala yake ni habari za meli zilizokuwa zimetia nanga Fernando Po.

Kisiwa hicho, kilicho katika Ghuba ya Guinea mkabala na pwani ya Kameruni, kilikuwa koloni la Uhispania. Uhispania ilikuwa imejitangaza kuwa haishiriki katika vita, ingawa mtawala wake, Jenerali Franco, alikuwa na deni kubwa la shukrani kwa Hitler na Mussolini, waliomsaidia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1936 hadi 1939. Bandarini Santa Isabel palikuwa na vyombo vitatu vya maadui wa Uingereza. Cha kwanza na kikubwa zaidi kilikuwa Duchessa d'Aosta, meli ya biashara ya Kiitalia yenye uzito wa zaidi ya tani 7,800, iliyojificha hapo Italia ilipojiunga na vita mwaka 1940. Shehena yake ilijumuisha sufu, ngozi, mbata, nyuzi za asibesto na mikuo ya shaba iliyozidi milioni moja. Cha pili kilikuwa Likomba, tagi ya Kijerumani, yaani chombo kidogo chenye mtambo wenye nguvu za kuvutia meli kubwa. Cha tatu kilikuwa Bibundi, tishari la kubebea mizigo. Waingereza waliogopa mambo mawili: kwamba meli hiyo kubwa ingeponyoka siku moja na kuifikisha shehena yake kwa adui, na kwamba redio yake ingetumiwa kutoa habari za misafara ya meli zao.

Kuziteka hakukuwa jambo la nguvu za kijeshi pekee. Bandari ilikuwa ya nchi isiyoegemea upande wowote, na kwa mujibu wa sheria za kimataifa kuingia humo kwa silaha kulikuwa uharamia. Iwapo Waingereza wangekamatwa wakiwa wameshika bunduki mbele ya jumba la gavana Mhispania, Franco angepata sababu ya kujiunga na Hitler, na ngome ya Gibraltar, inayolinda mlango wa Bahari ya Mediterania, ingekuwa hatarini. Ndiyo sababu Jenerali George Giffard, mkuu wa majeshi ya Uingereza katika Afrika Magharibi, alikataa katakata kuwapa msaada. Wizara ya Mambo ya Nje nayo ilisitasita hadi mwanzoni mwa Januari 1942, ilipokubali kwa imani kwamba hata kama Uingereza ingeshukiwa, pasingepatikana ushahidi wa kuitia hatiani.

Usiku wa Tarehe 14 Januari

Gavana wa Nigeria, Sir Bernard Bourdillon, alikubali kutoa tagi mbili, Vulcan na Nuneaton. Kwa kuwa jeshi lilikuwa limekataa kutoa askari, watu kumi na saba wa kuziendesha na kujaza nafasi walitafutwa papo hapo Nigeria. Pamoja na makomando kumi na mmoja na maafisa wanne wa SOE, idadi ya wote ilifika thelathini na wawili. Waliondoka Lagos tarehe 11 Januari.

Nguzo ya mpango mzima, hata hivyo, haikuwa baharini bali nchi kavu. Kisiwani alikuwako Richard Lippett, jasusi wa SOE aliyejificha nyuma ya kazi yake katika kampuni ya biashara ya John Holt, ambayo ilikuwa na ofisi huko. Kwa muda alikuwa amehudhuria karamu na kuongea na mabaharia, akipeleleza hali ya meli na ari ya watu wake. Usiku uliopangwa, kwa msaada wa Mhispania aliyempinga Franco, maafisa wa Duchessa d'Aosta na wa Likomba walialikwa kwa chakula cha jioni mjini. Walikuja, wakala, wakanywa. Meli zikaachwa mikononi mwa mabaharia wa kawaida.

Taa za mji huo zilikuwa na desturi ya kuzimwa saa tano na nusu usiku, na mpango ulifuata saa hiyo. Tagi zilipenya bandarini gizani. Vulcan ikajisogeza ubavuni mwa meli ya Kiitalia, Nuneaton ikaelekea kwa Likomba na Bibundi. Makomando wakaruka sitahani, wakawadhibiti mabaharia walioduwaa na kuwafungia. Wengine wakatega baruti kwenye minyororo ya nanga. Milipuko ikasikika, minyororo ikakatika, na meli zikaanza kusogea. Katika muda usiozidi saa moja bandari ilikuwa tupu. Mabaharia ishirini na tisa walichukuliwa mateka.

Kilichofuata mjini kinakaribia kuwa kichekesho. Askari wa Kihispania waliidhani milipuko ile kuwa mabomu ya ndege, wakaanza kufyatua mizinga yao angani kuzilenga ndege ambazo hazikuwapo. Nahodha wa Likomba, akiwa amelewa, aliivamia ofisi ya ubalozi mdogo wa Uingereza akidai arejeshewe meli yake. Redio ya Ujerumani ilitangaza kwamba manowari za maadui zimeivamia bandari ya nchi isiyoshiriki vita. Uingereza ikajibu kwa utulivu kwamba haikuwa na manowari yoyote karibu na kisiwa hicho. Kauli hiyo ilikuwa kweli kwa herufi, kwani tagi si manowari, ila ilikuwa uongo kwa maana. Kisha ikadaiwa kwamba manowari ndogo iitwayo Violet ilizikuta meli hizo zikielea bahari kuu na kuzikamata kihalali. Lippett, aliyebaki kisiwani ili asishukiwe, alihojiwa na kuzuiwa kuondoka. Hatimaye alitoroka kwa siri na kufika katika himaya ya Uingereza kwa mtumbwi mwezi wa Machi. Duchessa d'Aosta ilibatizwa jina jipya, Empire Yukon, ikaendelea kufanya kazi upande wa waliomteka mwenyewe.

Filamu Inavyosimulia

Filamu ya Ritchie imetokana na kitabu cha mwandishi Damien Lewis kilichochapishwa mwaka 2014. Henry Cavill anaigiza nafasi ya March-Phillipps, Alan Ritchson ile ya Lassen, Alex Pettyfer ile ya Appleyard, naye Eiza González anaigiza nafasi ya Marjorie Stewart. Babs Olusanmokun, mwigizaji mwenye asili ya Nigeria, ni Bwana Heron, jasusi mwenye jumba la kamari kisiwani, na Danny Sapani ni Kambili Kalu, kiongozi wa watu wenye silaha wanaowasaidia makomando. Til Schweiger ni Heinrich Luhr, kamanda katili wa Kinazi.

Msuko wake ni mwepesi kufuata. March-Phillipps, ambaye ni mfungwa asiyetii amri, anatolewa kifungoni na kupewa kazi ya kuizamisha Duchessa d'Aosta. Njiani kikosi chake kinapambana na chombo cha Kijerumani na kuwaangamiza waliomo. Kisha wanapitia kisiwa cha La Palma kumwokoa Appleyard aliyetekwa na Wanazi. Hapo Lassen anaonekana akiwaua walinzi kwa upinde na mishale kana kwamba yuko mawindoni. Wakati huo huo, kisiwani Fernando Po, Marjorie anamrubuni Luhr kwa uzuri na ucheshi wake, huku Heron akiandaa sherehe ya kuwaondoa maafisa kwenye meli. Wanapogundua kwamba meli imeimarishwa kiasi cha kutoweza kuzamishwa, makomando wanabadilisha mpango na kuamua kuiiba. Sehemu ya mwisho ni mauaji mfululizo, usiku kucha, kwa bunduki zenye vizuia sauti, visu, shoka na mabomu.

Kama kazi ya kuburudisha, filamu hii ina mafanikio yake. Usemezano wake una kejeli na mizaha ya kupendeza, wahusika wake wanatofautiana kwa hulka, na mwendo wake haumpi mtazamaji nafasi ya kupiga mwayo. Ni kazi inayofuata kanuni za utanzu wake, na mtazamaji aliyeenda kutafuta msisimko hataondoka na njaa.

Kilichobadilishwa na Sababu Zake

Uchunguzi wa mabadiliko yaliyofanywa unaonyesha kwamba hayakufanywa ovyo. Kila badiliko linatimiza haja ya kisanaa, na ni vyema yatazamwe moja moja.

Badiliko la kwanza linahusu shehena. Mbata, ngozi na mikuo ya shaba si vitu vya kumfanya mtazamaji akae ukingoni mwa kiti. Kwa hivyo filamu imeijaza meli vifaa vinavyohitajiwa na nyambizi za Ujerumani, hasa vya kusafishia hewa wanayovuta mabaharia wakiwa chini ya maji, hivi kwamba kupotea kwake kunazilemaza nyambizi hizo na kuifungua Bahari ya Atlantiki kwa majeshi ya Marekani. Hii ni mbinu ya kukuza taharuki kwa kukuza uzito wa matokeo. Ukweli ni kwamba thamani ya tukio ilikuwa ya kiuchumi, ya kijasusi na ya kuinua ari ya idara changa. Haikuamua hatima ya vita.

Badiliko la pili linahusu adui. Meli kubwa ilikuwa ya Waitalia, na waliotekwa humo walikuwa mabaharia wa meli ya biashara waliochoshwa na miezi mingi ya kukaa bandarini. Mtazamaji hawezi kushangilia kuangamizwa kwa watu wa aina hiyo. Filamu imewaweka mahali pao askari wa Kinazi, na juu yao ikamweka Luhr, mhusika bapa asiye na chembe ya utu. Kwa kufanya hivyo imemwondolea mtazamaji mzigo wa dhamiri.

Badiliko la tatu linahusu uhusika. Marjorie Stewart aliishi kwa hakika. Alikuwa mwigizaji wa jukwaani aliyefanya kazi katika SOE, na aliolewa na March-Phillipps mwezi Aprili 1942. Hakuwako Fernando Po. Kazi ambayo filamu inampa yeye na Heron ndiyo iliyofanywa na Lippett, mtu wa kawaida wa ofisini ambaye silaha zake zilikuwa subira, maongezi na chakula kizuri. Karamu ya kuwavuta maafisa nje ya meli ni miongoni mwa mambo machache ya filamu yaliyotendeka, na cha ajabu ni kwamba ndilo linaloonekana kama la kubuniwa.

Badiliko la nne ndilo kubwa kuliko yote, nalo linahusu damu. Mpango halisi ulisimama juu ya nguzo moja: pasiwe na mauaji wala alama. Maiti moja ya baharia katika bandari ya Wahispania ingekuwa ushahidi, na ushahidi ungeweza kuileta nchi nyingine vitani. Kwa hivyo ustadi wa kikosi ulipimwa kwa yale ambayo hakikuyafanya. Filamu imekipindua kipimo hicho. Ndani yake ustadi ni idadi ya waliouawa, na kila mhusika anajitambulisha kwa namna yake ya kuua. Suala la Uhispania kutoegemea upande wowote, ambalo ndilo lililowanyima usingizi wakuu wa wakati huo, limefifia kabisa. Palipofifia suala hilo, hatari halisi imefifia nayo. Iliyobaki ni hatari ya risasi tu, na risasi za filamu huwakwepa mashujaa.

Ritchie si wa kwanza kupita njia hii. Usiku wa tarehe 27 kuamkia 28 Februari 1943, makomando wa Kinorwe waliingia katika kiwanda cha Vemork, wakaharibu mitambo ya kutengenezea maji mazito yaliyotakiwa na wanasayansi wa Ujerumani katika utafiti wa nyuklia, na kutoka bila kufyatua risasi hata moja. Filamu ya mwaka 1965, The Heroes of Telemark, ilikikabidhi kisa hicho kwa mhusika wa kubuni aliyeigizwa na Kirk Douglas, ikamwongezea na kisa cha mapenzi na mke waliyetengana. Ile ya The Guns of Navarone, ya mwaka 1961, ilienda mbali zaidi: kisiwa chenyewe, kama ilivyo katika riwaya ya Alistair MacLean ya 1957 iliyoizaa, hakipo katika ramani yoyote. Yaelekea sinema ya mapigano hupata taabu kuusawiri ushujaa wa kujizuia, kwa kuwa kujizuia hakuonekani kwa urahisi katika picha.

Mandhari na Watu wa Kisiwa

Kuna jambo jingine linalomhusu mtazamaji wa Kiafrika kwa karibu zaidi. Tukio hili lilitendeka Afrika. Filamu, hata hivyo, ilipigwa Antalya, nchini Uturuki, na mandhari yake ni ya ufuo wa Mediterania uliopambwa ufanane na kisiwa cha joto. Mtazamaji anayekitafuta kisiwa chenyewe hatakiona. Hataona mlima wake mrefu unaotoka moja kwa moja baharini, wala mashamba ya kakao yaliyokuwa uti wa mgongo wa uchumi wake. Hatasikia habari za Wabubi, ambao ndio wenyeji wa asili wa kisiwa hicho, wala za maelfu ya vibarua kutoka Nigeria waliokuwa wakitumikishwa mashambani humo katika miaka hiyo. Mataifa ya Ulaya yalikuwa yakigombania meli katika bandari ambayo haikuwa ya yeyote kati yao. Jambo hilo peke yake lina kinaya cha kutosha kuandikiwa tamthilia.

Haki itendeke kwa kukiri kwamba filamu haikuwafuta Waafrika. Heron ni mwerevu, mtulivu na mwenye kuheshimiwa, na bila watu wa Kalu mpango usingefaulu. Katika sinema nyingi za zamani za utanzu huu Mwafrika alikuwa mbeba mizigo tu, kwa hivyo hii ni hatua. Lakini wahusika hawa wawili ni wa kubuni, na wamebuniwa kwa kipimo cha haja za wengine: wapo ili kuwafanikisha makomando. Hawaulizi lolote kuhusu hatima ya kisiwa. Mtazamaji hajui wanaishije siku ambazo hakuna meli ya kuibwa. Kuwapa watu nafasi katika kisa si sawa na kuwapa kisa chao.

Kisiwa hicho leo kinaitwa Bioko, na Santa Isabel ni Malabo, mji ambao kwa miaka mingi ulikuwa makao ya serikali ya Guinea ya Ikweta, nchi iliyopata uhuru mwaka 1968. Anayeijua filamu tu anaweza kumaliza kuitazama bila kufahamu kwamba Fernando Po ni mahali halisi penye watu halisi.

Ukweli wa Kihistoria na Ukweli wa Kisanaa

Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili si wageni wa mjadala huu. Ebrahim Hussein alipoandika tamthilia ya Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969, alichota kutoka Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Mhusika wake mkuu ana jina la mtu aliyeishi. Hata hivyo, Hussein alitahadharisha kwamba Kinjeketile wa tamthilia ni kiumbe cha ubunifu na asichukuliwe kuwa nakala ya yule wa historia. Alibadilisha, akaongeza, akapunguza. Ni kwa nini basi mabadiliko yake hayazui malalamiko kama haya yanayotolewa kuhusu filamu ya Ritchie?

Jibu lina sehemu mbili. Kwanza, Hussein alimwambia msomaji wake anachofanya. Filamu ya Ritchie inajitambulisha kuwa imetokana na kisa cha kweli, inatumia majina ya watu waliokufa, kisha haiweki mpaka wowote baina ya kilichotendeka na kilichobuniwa. Pili, na hili ndilo zito zaidi, ubunifu wa Hussein unaelekea ndani ya tukio. Alizua mgogoro wa nafsi katika Kinjeketile ili aulize swali ambalo historia yenyewe inaliuliza: je, imani inayowaunganisha watu inaweza pia kuwaangamiza? Ubunifu wa Ritchie unaelekea nje ya tukio. Hauulizi swali ambalo usiku wa Santa Isabel uliuliza, yaani ni kwa kiasi gani nchi inayodai kutetea sheria inaweza kuivunja sheria hiyo, kisha ikakana. Swali hilo limefunikwa kwa moshi wa baruti.

Ifahamike pia kwamba uongo kuhusu kisa hiki haukuanza na sinema. Wa kwanza kutunga hadithi walikuwa wakuu wa serikali ya Uingereza, waliokana hadharani na kumzulia nahodha wa Violet ushindi ambao haukuwa wake. Hadithi yao ilikuwa na lengo, nalo ni kuinusuru nchi isiongeze adui. Hadithi ya filamu ina lengo la kuuza tiketi. Hadithi zote mbili zimelifunika jambo lile lile: kimya cha watu wachache waliofanya kazi yao gizani.

Hatima za watu hao nazo zinafaa kukumbukwa, kwa kuwa haziafikiani na kicheko cha filamu. March-Phillipps aliuawa Septemba 1942 katika uvamizi ulioharibika kwenye ufuo wa Normandy, miezi mitano tu baada ya ndoa yake. Graham Hayes alinusurika siku hiyo, akakamatwa baadaye, na kuuawa na Wajerumani katika gereza la Fresnes tarehe 13 Julai 1943. Siku hiyo hiyo Appleyard alipotea akiwa ndani ya ndege katika operesheni ya Sisilia. Lassen aliuawa Aprili 1945 huko Comacchio, Italia, wiki chache kabla ya vita kumalizika Ulaya, na akatunukiwa nishani ya Victoria Cross baada ya kifo chake. Wote wanne walikuwa kaburini kabla ya amani kupatikana.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba filamu ya The Ministry of Ungentlemanly Warfare imechota kutoka tukio la kweli majina, mahali, meli na karamu moja, kisha ikajenga juu yake kisa cha namna nyingine. Si dhambi kwa msanii kufanya hivyo. Tatizo ni kwamba kilichoachwa ndicho kilichokuwa na uzito: ushujaa wa kujizuia, hatari ya kisiasa iliyoning'inia juu ya kila hatua, na kisiwa cha Kiafrika kilichotumiwa na wageni kama uwanja wa mchezo wao.

Mtazamaji, na hasa mwanafunzi wa fasihi, anashauriwa asiikimbie filamu ya namna hii bali aitazame akiwa na maswali matatu mkononi. Ni nini kilichobadilishwa? Badiliko hilo linamfaidi nani? Na je, kilichopotea kingeweza kusimuliwa kwa ustadi ule ule? Kwa swali la tatu jibu la makala haya ni ndiyo. Mtu aketiye mezani na maadui zake, akiwajazia glasi, huku masikio yake yakisubiri mlipuko kutoka bandarini na uso wake usionyeshe lolote, ana taharuki isiyohitaji risasi. Lippett alikaa katika hali hiyo, na baada ya meli kuondoka alibaki peke yake kujibu maswali ya polisi, hadi usiku alipopata mtumbwi. Kisa chake bado kinamngoja msimulizi.